Swali la Bawabu

Kwi.

Sauti ilitoka thieta namba mbili, ikapenya mlango, ikamkuta Yusta Mgaya amefumba macho kwenye beseni la kunawia, povu limempanda hadi viwikoni na tone moja limemrukia jichoni. Kwi. Ni mpira mdogo unaominywa kiganjani. Kwa miaka minne alikuwa ameusikia kila siku ya kazi, hata masikio yake yakaacha kuupokea. Leo yaliupokea. Kwi, kimya, halafu kwiii, ndefu, kama mtu anayekamua nguo mpaka maji yaishe.

Akasuuza jicho, akausukuma mlango kwa bega.

Mezani alilala Bibi Atuganile, mkulima wa viazi kutoka Uwemba, miaka sabini na mmoja, anatolewa mfuko wa nyongo. Dokta Mbilinyi, mpasuaji, alikuwa ameinama juu ya tumbo lake akiimba chini kwa chini.

"Dada Yusta, huyu bibi ana mkono!" alisema bila kuinua kichwa. "Ningemwajiri akakamue ng'ombe wangu."

Kutoka darini sauti ya Bawabu, mashine ya kulaza wagonjwa, ikauliza, taratibu, kwa upole wa mlezi: "Unasikia?"

Kwiii.

"Vizuri," Bawabu akasema.

Zamani, kabla Bawabu hajaja Njombe, nusu kaputi ilikuwa kumshusha mtu hadi chini kabisa ya kisima, kumfanyia kazi yake, kisha kumvuta juu. Vijana walipanda. Wazee wengi walipanda nusu. Walizinduka wakiwaita wake zao wezi na wanao wageni, na wengine hawakurudi tena kuwa watu wale walioingia. Bawabu hakumshusha mtu kisimani. Alimbakiza kizingitini: dawa ya usingizi kidogo sana, dawa ya kulegeza misuli ili mwili usicheze chini ya kisu, na dawa ya kusahau, tone kwa tone, tangu mwanzo hadi mwisho. Mkono wa kushoto peke yake ulifungwa mkanda mapema, dawa ya kulegeza isiufikie. Mkono huo ndio uliokuwa mdomo wa mgonjwa. Kuminya mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kila baada ya dakika mbili Bawabu aliuliza swali lake. Mgonjwa akijibu ndiyo, basi yuko kizingitini, na dozi inabaki palepale. Asipojibu, ameanza kuzama, na dozi inapunguzwa. Maumivu Bawabu aliyasoma penginepo, kwenye mapigo ya moyo.

Kazi ilikwenda vizuri mno, hata mtaalamu mmoja wa usingizi akapewa thieta mbili. Yusta alikuwa akitembea kati ya milango miwili kutwa nzima, kama mhudumu wa hoteli.

Aliangalia kioo cha ukutani. Mapigo: sitini na mbili. Chini yake palikuwa na safu ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuisoma, nguvu ya mminyo. Kumi na moja. Kumi na tisa. Thelathini na nne. Hamsini.

"Dokta, ngoja kidogo."

"Ningoje nini? Mapigo sitini na mbili. Mimi niliyesimama hapa nina tisini."

"Anakunywa dawa za presha. Moyo wake hata ukimwonyesha chui hauendi mbio."

"Sasa unasemaje?"

Yusta hakujua anasemaje. Aliona tu kwamba mtu aliyeko kizingitini, aliyetulia, hana haja ya kujibu kwa nguvu za kubomoa mlango. Dokta Mbilinyi alimtazama, akaitazama saa, akashona. Baada ya dakika kumi na mbili kazi ilikwisha.

Katika chumba cha kuzindukia Bibi Atuganile alifumbua macho yakiwa maangavu kama ya mtoto. Alijua siku, alijua mwezi, alimjua hata mkwe wake aliyekaa mlangoni, akamuuliza kama amewafungia mbuzi. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa na alama nne nyekundu, mahali kucha zilipouvuka mpira zikaingia nyamani.

"Mama, unasikiaje?" Yusta alimuuliza, kama alivyomuuliza kila mgonjwa tangu alipokuwa mwanafunzi.

"Nasikia baridi, mwanangu. Na kichefuchefu kidogo."

"Maumivu je?"

"Hayo siyasikii kabisa. Mungu awabariki nyie watu."

Yusta alikuwa amekwisha kugeuka kufuata blanketi. Akasimama. Nasikia baridi. Siyasikii. Bibi hakuwa anazungumzia masikio. Nani, katika nchi hii nzima, anapoguswa na sindano, na baridi, na njaa, hasemi nasikia?

Alirudi kitandani akakishika kile kiganja, akahesabu alama za kucha, moja, mbili, tatu, nne.

*

Injinia Kiswaga, aliyemfundisha Bawabu Kiswahili, alikuwa na ofisi yenye dirisha linalotazama mashamba ya chai, na birika la umeme lisilozimwa. Alikuwa mtu wa kupendeka. Alimmiminia Yusta kikombe kabla hajakaa.

"Mia nne na kumi na wawili," Yusta alisema. Hakukigusa kikombe. "Hao ndio wazee waliopita kwa Bawabu. Nimepitia safu ya mminyo kwa wote. Kwa tisini na saba, mminyo umepanda. Unaanza kumi, unafika hamsini, sitini. Unapanda kisu kinapoingia, unashuka uzi unapokatwa. Karibu wote wanakunywa dawa za presha."

"Mkono wa mgonjwa unacheza wenyewe, Dada Yusta. Misuli hiyo."

"Misuli inayosubiri swali kwanza ndipo icheze?"

Kiswaga alikoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari.

"Bawabu anauliza, unasikia," Yusta aliendelea. "Wewe ulikusudia masikio. Bibi wa watu yuko mezani, tumbo liko wazi, hawezi kufumbua jicho, anaulizwa unasikia? Anajibu kwa nguvu zake zote, ndiyo, nasikia! Na mashine yako inampongeza."

"Hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Atalalamika vipi, na umemfuta?"

"Nimemfuta nini? Sikiliza." Aliweka kijiko chini, na sauti yake ikawa ya chini, karibu ya kusihi. "Kabla ya Bawabu, katika wazee wanne mmoja alitoka humu amepotea. Unawakumbuka, uliwafunga vitandani kwa mikono yako. Sasa hawapotei. Wanakwenda nyumbani wanalima. Maumivu ambayo hakuna duniani anayeyakumbuka, niambie, ni ya nani?"

"Ya aliyekuwa mezani."

"Huyo hayupo tena."

"Alikuwepo."

Nje ukungu ulikuwa unateremka juu ya chai. Yusta alimtazama yule mtu, akaona kitu kilichomkera kuliko maneno yake: hakushtuka. Mtu anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ametesa watu tisini na saba hukunja uso, hukasirika, humwaga hata chai. Huyu alikuwa na majibu yaliyopangwa kama vitabu kwenye rafu.

"Toleo la kwanza la Bawabu liliulizaje?" Yusta aliuliza.

"Sikumbuki."

"Mimi nimesoma. Liliuliza, unasikia sauti yangu? Mwaka wa kwanza wote. Halafu maneno mawili yakakatwa."

"Wazee walichelewa kujibu. Swali fupi hujibiwa haraka."

"Sawa. Na mwezi wa tatu mwaka huu, ulipofanyiwa ngiri hapa hapa, thieta namba moja, kwa nini Bawabu alizimwa ukalazwa usingizi mzito?"

Kiswaga alikuwa amekishika tena kijiko; safari hii kilianguka.

"Ulijua," Yusta alisema.

"Nilihisi. Kuhisi siyo kujua." Kiswaga alisimama, akalifuata dirisha, akampa mgongo. "Nikibadilisha swali, lazima niseme kwa nini. Nikisema kwa nini, Bawabu anafungiwa miaka miwili, mitatu, wakichunguza. Katika miaka hiyo wazee wangapi watarudishwa kisimani? Umefanya hesabu hiyo? Mimi nimeifanya." Akageuka. "Na kesho saa mbili asubuhi kwenye orodha kuna Mzee Lutengano Mgaya, nyonga iliyovunjika. Ni baba yako, au nimekosea? Basi mzimie Bawabu. Mzamishe. Halafu uje unifundishe huruma."

*

Mzee Lutengano alikuwa amelala wodini, mguu umewekwa juu ya mito, vidonge vyake vya presha kando yake, akimsahihisha mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyekuwa akiimba. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka arobaini na tano. Nyimbo zake zaidi ya mia mbili, sauti zote nne, hazikuwa zimeandikwa popote ila kichwani mwake. Kila alipohimizwa aziandike, alisema karatasi haina sikio.

Ganzi ya mgongoni isingewezekana. Uti wake ulikuwa umejaa vyuma tangu alipoanguka na paa la kanisa akijenga. Ilibaki njia moja ya kumlaza, na njia hiyo ilikuwa na milango miwili.

Yusta alivuta stuli, akamweleza yote. Hakuficha kitu. Mzee alisikiliza macho yakiwa darini, vidole vikipiga mdundo juu ya shuka.

"Kaka yangu Josefati," alisema mwishoni, "walimlaza usingizi ule mzito kwa ajili ya tezi. Alipotoka akamwita mkewe mwizi. Akafa miaka sita baadaye, bado anamwita mwizi. Yule mama alimlisha kijiko kwa kijiko huku anatukanwa. Sitaki, Yusta. Nikose mguu, sawa. Nisikose wimbo."

"Basi utabaki na Bawabu. Lakini nitakuwa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, siendi thieta nyingine. Nitauliza mimi, siyo yeye. Nitakuuliza, kunauma? Ukiminya moja, nakuongezea dawa ya maumivu, siyo ya usingizi. Ukiminya mbili, tunaendelea."

"Kumbe dawa ya hivyo ipo?"

"Ipo. Ilikuwepo siku zote. Bawabu anayo kwenye bomba lake. Hakuambiwa tu kwamba inahitajika."

Mzee alicheka kicheko kikavu. "Watu tisini na saba, kwa sababu ya neno. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwachapa wanakwaya kwa kumeza silabi." Kisha akamtazama mwanawe kwa jicho la pembeni. "Kuna jingine hujalisema. Unazungukazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Yusta aliangalia mikono yake.

"Dawa ya kusahau," alisema. "Nikikunyima hiyo, utakumbuka. Utakuwa mtu wa kwanza aliyepita kwa Bawabu akatoka na kumbukumbu. Kiswaga hataweza kusema mkono unacheza wenyewe."

"Ehee. Sasa unaniomba kama mgonjwa au kama shahidi?"

"Sijui, Baba."

"Jua."

"Kama mgonjwa ningekupa isahaulike yote, utoke unacheka. Ndivyo ningependa. Lakini wale wengine hawana mtu. Naona aibu kukuomba."

"Ona aibu, ni vizuri, itakufanya uwe makini." Mzee alijaribu kujigeuza, nyonga ikamzuia, akasaga meno mpaka ikapita. "Mimi nimeishi kwa kukumbuka. Sitaanza kusahau kwenye meza ya fundi. Usinipe."

*

Asubuhi ile mvua ya manyunyu ilikuwa inapiga bati la hospitali. Mzee alilazwa mezani kwa ubavu, mkanda ukafungwa mkono wa kushoto, mpira ukawekwa kiganjani. Alikuwa amemwambia Dokta Mbilinyi apige nyundo kwa mdundo au asipige kabisa, na Mbilinyi akaapa.

Yusta alizima sauti ya Bawabu. Akauona mrija mwembamba wa njano, ule wa kusahau, akaubana kwa kibanio.

"Mimi fundi wa kisu," Dokta Mbilinyi alinong'ona. "Mambo ya mirija yako sijayaona."

"Umeyaona, Dokta. Nitakutaja."

Mbilinyi alimtazama juu ya barakoa. "Haya basi," alisema. "Nitaje. Na mimi niliikuta ile mikono, nikaifanyia utani."

Alinyoosha mkono akapewa kisu. Wakati uleule kioo cha ukutani kikabadilika, na uso wa Injinia Kiswaga ukajaa pale penye mapigo ya moyo.

"Dada Yusta, naona mrija wa tatu umesimama. Kuna hitilafu?"

"Hakuna."

"Basi ufungue."

"Mgonjwa amekataa. Kwa mdomo wake, mbele ya wodi nzima."

"Mgonjwa hachagui mpangilio wa mashine! Akipata mshtuko wa kumbukumbu, akiamka usiku anapiga kelele mwaka mzima, utajibu wewe?"

"Nitajibu mimi. Ondoka kwenye kioo changu, naangalia mgonjwa."

"Nampigia mkurugenzi sasa hivi."

"Mpigie!"

Damu ilikuwa imempanda kichwani, hata hakuona Dokta Mbilinyi alipoanza kukata. Kwi, mpira ulilia. Yusta aliinama upesi kwenye sikio la baba yake, jicho moja bado liko kwenye ule uso wa kioo.

"Baba, unasikia?"

Kwi.

"Haya, Baba. Tulia."

Aliinuka. Kiswaga alikuwa anazungumza na mtu pembeni, Yusta akamwambia tena aondoke, akabonyeza hapa na pale mpaka mapigo yakarudi kiooni. Sitini na nane. Kwiii. "Nipo, Baba, nipo hapa." Akasogeza bomba la dawa ya maumivu karibu, liwe tayari litakapohitajika. Kwiiii.

Dokta Mbilinyi alisimamisha kisu.

"Dada Yusta. Umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza..." Akafumbua mdomo, na neno likamrudia masikioni kwa sauti yake mwenyewe, lile lile, jepesi, la kila siku, alilojifunza kabla ya kutembea.

Yusta alisukuma dawa ya maumivu, akaanguka kwa magoti ili uso wake ulingane na uso wa baba yake uliokuwa mtulivu kama wa mtu aliyelala. Hata ukope haukucheza. Chozi moja tu lilikuwa limetoka, likapita juu ya pua, likaingia kwenye shuka.

"Baba, kunauma?"

Kwi. Moja.

Akaongeza. Alisubiri. Saa ya ukutani ilihesabu sekunde arobaini, kila moja ikiwa ndefu kama ibada.

"Baba, kunauma?"

Moja. Halafu, dhaifu, ya pili.

"Mbili?" Mbilinyi aliuliza.

"Ngoja. Baba, nataka nihakikishe. Kunauma?"

Mbili, safi, zimetenganishwa, kama mwalimu anayegonga meza kwa rula.

"Sasa endelea," Yusta alisema. Hakusimama tena. Kwa saa nzima na robo aliuliza akiwa amepiga magoti, neno moja tu, na kila jibu akalirudia kwa sauti ili wote walisikie na mashine ilirekodi. Mrija wa njano ulibaki umebanwa.

*

Mzee Lutengano alizinduka saa sita kasoro. Kwanza alitaka maji. Pili alimwita Yusta kwa jina lake, halafu kwa jina la ubatizo, halafu kwa lile la utani la utotoni ambalo hakuna mwingine anayelijua. Tatu alifumba macho, akaimba kwa mvumo wa chini sauti ya nne ya wimbo wa mavuno, ubeti mzima, akaukuta wote upo.

"Nimetoka na mizigo yangu," alisema.

"Umetoka nayo, Baba."

"Nyundo niliisikia. Kama fundi yuko nyumba ya jirani. Haikuuma. Mbilinyi hajui mdundo hata kidogo." Alilamba midomo. "Ila mwanzoni."

Yusta hakukimbia. Alikaa kwenye stuli, magoti yameungana.

"Mwanzoni uliniuliza kama nasikia," mzee alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. "Nikakuambia nasikia. Ukaniambia nitulie. Nikakuambia tena, ukasema upo. Nikajua upo. Nikawaza, basi mwanangu ameamua niumie."

"Sikuamua, Baba. Nilikosea. Dakika moja na nusu. Nimeihesabu kwenye kumbukumbu za mashine."

"Mimi niliihesabu kwingine, ilikuwa ndefu zaidi."

"Pole, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nimeweza kukusamehe kwa sababu nakumbuka." Alinyoosha mkono wa kushoto, uliokuwa na mchirizi mwekundu wa mkanda, akauweka juu ya goti la mwanawe. "Sasa wale wenzangu. Yule bibi wa Uwemba yuko nyumbani anapalilia viazi, ana raha zake. Utakwenda kumbebesha maumivu aliyokwisha kuyatua?"

"Nimeliwaza hilo usiku kucha. Nikimwambia, namuumiza mara ya pili. Nikinyamaza, nakuwa Kiswaga."

"Na jibu?"

Mlangoni palikuwa na vishindo. Mkurugenzi alikuwa anakuja, na nyuma yake sauti ya Kiswaga, ya haraka, inaeleza jambo. Yusta alizisikia. Hakugeuka. Aliushika ule mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili, akasema kwa sauti ya kutosha kuwafikia na wale waliokuwa wanaingia.

"Nitakwenda, Baba. Kwa wote tisini na saba, nyumba kwa nyumba. Sitaanza kwa kuwaambia. Nitaanza kwa kumuuliza kila mmoja kama anataka kujua, na nitauliza mpaka niwe na hakika amenielewa. Asiyetaka, nitamwachia raha yake. Anayetaka, nitamwambia yote, na hili la leo nitaliweka mbele, na jina langu nitalitaja kabla sijataja la mtu mwingine yeyote."